Kidonge, kisu na subira: maumivu ya neva mjini Bukavu

Asubuhi, Beach Muhanzi, boti kutoka Idjwi na Kalehe zikishatia nanga, wanawake wabebaji huanza kazi. Mwanamke huchuchumaa akilipa gunia mgongo, hupitisha mkanda kwenye paji la uso, hujivuta mbele na kuinuka kwa nguvu za magoti. Kilo 50 ni mzigo wa kawaida; wapo wanaobeba hadi 100. Kisha mlima unaanza, maana Bukavu haina tambarare ila vipande vichache vinavyofuata Ziwa Kivu.

Baada ya miaka ya kazi hiyo, baadhi yao hufika hospitali na lalamiko linalowashangaza wao wenyewe: mgongo hauumi sana, kinachoumiza ni mguu. Ni moto unaoshuka kutoka takoni, unapita nyuma ya paja, unazunguka shavu la mguu na kuishia kwenye kidole gumba. Mara unachoma, mara unapiga kama shoti, na katikati yake ngozi imekufa ganzi kiasi kwamba ndala ikichomoka mguuni mwenyewe hana habari. Akiinama kuosha vyombo, moto unawaka. Akikohoa, unawaka tena.

Wakati huo mgonjwa ameshapita njia ndefu. Ameambiwa ni rumatisimu. Amechuliwa, amechanjwa chale, amechomwa sindano za diklofenaki katika farmasi ya mtaani, amemeza vidonge vya vitamini B vya rangi nyekundu kwa miezi. Kisha jirani anamweleza habari za ndugu yake aliyepasuliwa mgongo Kigali akarudi anatembea. Ndipo anapoingia kwa daktari na swali moja tu: “Dokta, si munipasue tu, niishe na hii maneno?”

Swali ni halali, na jibu lake si fupi. Ila hitilafu kubwa ya tiba ya maumivu ya neva katika Kivu ya Kusini haitokani na uchache wa visu wala uchache wa vidonge. Inatokana na kubadilishana foleni: wanaopaswa kungoja wanakimbilia upasuaji, na wanaopaswa kukimbizwa wanangojeshwa kwa sindano na vitamini.

Maumivu ya kawaida ni taarifa. Jino limeoza, mfupa umevunjika, neva inapeleka habari ubongoni. Katika maumivu ya neva, mpeleka habari mwenyewe ndiye mgonjwa. Neva iliyobanwa, iliyokatwa au iliyoharibiwa na sukari huanza kutoa ishara bila kutumwa, kama waya uliochunika unaotoa cheche mvua ikinyesha. Dawa za kutuliza uvimbe kama diklofenaki na ibuprofeni hufanya kazi mahali palipoumia. Hazina la kufanya na cheche za neva yenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza ibuprofeni miezi sita, akaishia na vidonda vya tumbo na figo zilizochoka, huku mguu ukiwaka vilevile.

Kulitambua tatizo hakuhitaji mashine ya bei. Mwaka 2005 kundi la watafiti wa Ufaransa likiongozwa na Didier Bouhassira lilichapisha kipimo kiitwacho DN4, chenye mambo kumi tu. Saba mgonjwa huulizwa: je, maumivu yanaunguza, yana ubaridi mkali, yanapiga kama umeme? Je, mahali hapo pana mchonyoto, vijisindano, ganzi, muwasho? Matatu yaliyobaki daktari huyapima kwa kugusa, kwa ncha ya pini na kwa kupitisha kitu laini juu ya ngozi. Majibu manne ya ndiyo yanatosha kusema kwamba neva ina mkono wake katika jambo hili. Kipimo kiliandikwa kwa Kifaransa, lugha waliyosomea madaktari na wauguzi wa Bukavu, na humalizwa kabla chai haijapoa. Kituo cha afya cha Bagira au Panzi kinaweza kukitumia kesho asubuhi.

Kabla ya kufika kwenye dawa zinazofaa, sindano zinastahili neno lao. Mgonjwa wa eneo hili huamini sindano kuliko kidonge, na mwenye farmasi huijua imani hiyo na kuiuza. Lakini neva kubwa ya mguu, ile ya siyatiki, hupita ndani ya tako. Sindano iliyochomwa mahali pasipo pake huweza kuigusa neva hiyo au kumwaga dawa juu yake, na mtu aliyeingia kwa maumivu ya mgongo akatoka na mguu unaoburuta. Jirani zetu wa Uganda walilipa gharama kubwa ya somo hili: katika wilaya ya Kumi madaktari walihangaika na watoto wengi waliokakamaa misuli ya matako, au kupooza mguu, baada ya sindano za kwinini. Sindano ya diklofenaki kwa mguu unaochoma ni hatari isiyolipa hata faida ndogo.

Vitamini B nayo ina pande mbili. Anayetibiwa kifua kikuu kwa isoniazidi anahitaji vitamini B6, kwa sababu dawa hiyo huimaliza mwilini na neva za miguu zikaanza kuchoma. Hapo kidonge kidogo cha kila siku ni kinga ya kweli. Lakini B6 ikimezwa kwa kipimo kikubwa, miezi kwa miezi, huharibu neva zilezile. Wapo wanaomeza vidonge vikali vya mchanganyiko wa vitamini B mwaka mzima kwa sababu ya ganzi, na ganzi inazidi, nao wanaongeza dozi.

Dawa yenye historia nzuri zaidi katika vita hivi ni ya zamani na ya bei nafuu. Amitriptilini iliingia madukani mwaka 1961 kama dawa ya huzuni kubwa, na baadaye ikaonekana kwamba kwa dozi ndogo hutuliza neva hata kwa mtu asiye na huzuni yoyote. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2015 jopo la kimataifa la wataalamu wa maumivu lilichapisha katika jarida la Lancet Neurology mapitio ya majaribio mengi. Hesabu yao ilikuwa hivi: kwa dawa za kundi la amitriptilini, kati ya wagonjwa karibu wanne wanaopewa, mmoja hupata nafuu kubwa ambayo kidonge bandia kisingempa. Kwa gabapentini na pregabalini, ambazo bei yake ni ya juu zaidi, ni mmoja kati ya saba au wanane.

Hesabu hiyo isisomwe haraka. Ina maana pia kwamba hata dawa bora kabisa haiwafai wagonjwa wengi wanaoimeza. Daktari anayemwandikia mtu amitriptilini na kumwambia “utapona” anajitafutia lawama. Anayemwambia “tutajaribu hii, lengo ni kupunguza moto hadi nusu ili ulale na ufanye kazi” anasema ukweli, na mgonjwa wake hukaa na dawa muda mrefu zaidi.

Utafiti uitwao OPTION-DM, uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022, uliwachukua wagonjwa 130 wa kisukari wenye neva zinazochoma. Kila mgonjwa alipitishwa kwa zamu katika njia tatu: moja ilianza na amitriptilini, nyingine na duloksetini, nyingine na pregabalini, na dawa ya pili iliongezwa kwa asiyetosheka. Maumivu yalianza kwenye 6.6 katika kipimo cha kumi na kushuka hadi 3.3, katika njia zote tatu bila tofauti ya maana. Kwa tajiri wa Sheffield hiyo ni habari ya kawaida. Kwa muuza samaki wa Kadutu, hapa Bukavu, anayelipa kila kidonge kutoka kwenye pochi yake, ni habari kwamba ya rahisi haijashindwa na ya ghali.

Kwa nini basi wagonjwa wengi husema “nilikunywa, haikunisaidia”? Ukiuliza vizuri, jibu hujitokeza. Mgonjwa alipewa vidonge kumi vya miligramu 25. Usiku wa kwanza alilala kama gogo, akaamka kinywa kikavu na kichwa kizito, akaacha. Au alimeza asubuhi badala ya jioni, akasinzia kibandani na kuuza kwa hasara. Au alimeza siku ya maumivu tu, kama anavyomeza parasetamoli. Amitriptilini haifanyi kazi hivyo. Huanzwa kidogo, miligramu 10, au nusu ya kidonge cha 25 pale ambapo cha 10 hakipatikani, saa moja au mbili kabla ya kulala. Hupandishwa taratibu wiki baada ya wiki kulingana na mwili, mara nyingi hadi 50 au 75. Usingizi na ukavu wa kinywa hupungua kwa siku. Nafuu ya maumivu huchelewa. Hukumu haitolewi kabla ya wiki sita hadi nane, ikiwamo angalau wiki mbili kwenye dozi ya juu ambayo mgonjwa ameivumilia.

Kikwazo kingine hakimo katika vitabu vya dawa. Mgonjwa au mtoto wake anayesoma sekondari hufungua karatasi iliyo ndani ya boksi na kukuta neno la Kifaransa linalosema hii ni dawa ya huzuni. Jioni hiyo familia nzima inajua. “Kumbe dokta anafikiri mimi ni wa Sosame!” Sosame ni kituo cha magonjwa ya akili cha Mabradha wa Upendo mjini Bukavu, na jina lake mitaani limekuwa tusi, jambo ambalo kituo hicho hakistahili hata kidogo. Daktari asiyelitaja jambo hili mwenyewe, mapema, anaiacha karatasi imtangulie. Sentensi mbili zinatosha: dawa hii kwa dozi kubwa hutibu huzuni, kwa dozi ndogo hutibu neva, na wewe umepewa ndogo.

Si ya kila mtu. Mwenye ugonjwa wa moyo wenye mapigo yasiyo sawa, mzee anayekojoa kwa shida kwa sababu ya tezi dume, mwenye presha ya jicho, hao wahitaji njia nyingine. Na boksi liwekwe mbali na watoto: vidonge vichache vya amitriptilini vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Gabapentini na pregabalini zina nafasi yake, hasa kwa kisukari na kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Lakini kwa siyatiki, tatizo la mwanamke wa Muhanzi, ushahidi unakatisha tamaa. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la pregabalini kwa wagonjwa 209 wa siyatiki. Waliopewa dawa hawakupata nafuu kuliko waliopewa kidonge bandia, ila walipata madhara mengi zaidi, kizunguzungu kikiongoza. Hata hivyo dawa hii huandikwa kila mahali kwa kila mguu unaouma, na wapo wanaouza mbuzi kuinunua. Tramadoli nayo huwekwa na wataalamu kwenye daraja la pili, kwa muda mfupi, na si pamoja na amitriptilini bila uangalizi, kwani mbili hizo zikikutana zinaweza kuleta degedege. Anayeimeza miezi mingi anaweza kuhitaji msaada kuiacha kuliko alivyohitaji msaada wa mguu.

Pilipili? Ndiyo, wataalamu hutumia kiini chake, kapsaisini, katika plasta ya asilimia 8 inayobandikwa hospitalini. Hiyo si ruhusa ya kupaka pilipili ya shambani kwenye mguu uliokufa ganzi. Ngozi isiyohisi haiwezi kukuambia kwamba imeungua.

Maumivu ya uso ni habari ya pekee. Mtu anapigwa na umeme shavuni kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, kwa kupiga mswaki tu au kwa upepo wa ziwa. Anakwenda kwa daktari wa meno, anang’olewa jino zima, kisha la pili, na umeme upo palepale. Dawa ya hapo ni karbamazepini, dawa ya kifafa, nayo mara nyingi hujibu ndani ya siku chache hadi mgonjwa akadhani ni muujiza. Lakini ina tabia ya kulisukuma ini kuharibu dawa nyingine upesi. Hupunguza nguvu ya dolutegravir iliyo ndani ya kidonge cha kila siku cha VVU, na hudhoofisha kijiti cha uzazi wa mpango kilichowekwa mkononi. Mwanamke anayemeza karbamazepini akapata mimba asiyoitarajia hajafanya kosa lolote. Hakuna aliyemuuliza ana nini mkononi.

Sasa kisu. Upasuaji wa mgongo huondoa kitu kinachobana: kipande kilichochomoza cha diski (mto laini ulio kati ya pingili za mgongo), mfupa uliokua, usaha, uvimbe. Pasipo kinachobana, hakuna cha kuondoa. Neva zilizochomwa na kisukari, na VVU, na pombe, na mkanda wa jeshi, hazina fundi katika chumba cha upasuaji. Anayeuza kiwanja ili apasuliwe kwa sababu nyayo zote mbili zinachoma, sawasawa kulia na kushoto, anapaswa kupimwa sukari kabla ya kupigwa picha ya MRI.

Na picha yenyewe inaweza kudanganya. Mwaka 2015 mapitio ya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote yalionyesha diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya vijana wa miaka 20 na asilimia 96 ya wazee wa miaka 80. Mtu anayerudi kutoka Kigali na karatasi iliyoandikwa diski mbili zimechakaa ameambiwa ana umri wake. Picha ina thamani pale tu inapokubaliana na mguu: diski iliyochomoza upande uleule, inabana neva ileile inayopeleka ganzi kwenye kidole kilekile.

Hata inapokubaliana, haraka si lazima. Mwaka 2007 madaktari wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 283 waliokuwa na siyatiki kali kwa wiki 6 hadi 12. Nusu walipangiwa kupasuliwa mapema, nusu waliendelea na dawa na mazoezi, na mlango wa upasuaji ukaachwa wazi. Asilimia 39 ya kundi la pili waliishia kupasuliwa. Waliobaki hawakuhitaji kisu mwaka huo. Baada ya mwaka mmoja, karibu asilimia 95 ya kila kundi walijiona wamepona. Tofauti ilikuwa mwendo: waliopasuliwa walipona kwa wastani wa wiki nne, wengine wiki kumi na mbili. Mwili una uwezo wa kukila kipande cha diski kilichochomoza, taratibu, bila kuombwa.

Hapa ndipo utafiti wa Ulaya unapohitaji kusomwa kwa macho ya Kivu. Mholanzi anayengoja wiki nane zaidi hungoja nyumbani huku mshahara ukiingia. Mbebaji wa Muhanzi asipobeba leo, watoto hawali leo. Kwake wiki nane ni deni, na wanaomlaumu kwa papara yake hawajawahi kuwa na deni hilo. Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili: hakuna daktari wa mgongo atakayemruhusu arudi kwenye gunia la kilo 80 mwezi mmoja baada ya kupasuliwa, na akirudi, diski ileile inaweza kuchomoza tena. Upasuaji unamwokoa mguu. Haumrudishii kazi aliyoizoea. Ukweli huu unapaswa kusemwa kabla ya kiwanja kuuzwa.

Kungoja nako kuna mwisho. Mwaka 2020 madaktari wa Canada walichapisha jaribio la watu 128 ambao siyatiki yao ilikuwa imedumu miezi minne hadi kumi na miwili. Baada ya miezi sita, waliopasuliwa walikuwa na maumivu ya mguu ya 2.8 katika kipimo cha kumi. Waliobaki na tiba nyingine 5.2. Kwa hiyo kipindi cha dawa kina mpaka unaoeleweka: miezi mitatu ya dawa inayofaa, kwa dozi inayofaa, pamoja na mazoezi na kupunguza mzigo. Ukivuka mwezi wa nne mguu bado unawaka na picha inakubali, mgonjwa anayechagua upasuaji hana papara, na daktari anayeendelea kumwongezea vidonge anamchelewesha.

Gharama ya chaguo hilo ni nzito. Madaktari bingwa wa upasuaji wa neva ni wachache nchini Kongo, na wengi wao wako Kinshasa, ambako kutoka Bukavu hakuna barabara ya kusafiria. Mwenye uwezo huvuka daraja la Ruzizi kwenda Rwanda, au huendelea hadi Kampala. Mituweli za afya, yaani mifuko ya kuchangiana matibabu, zilizoanzishwa chini ya ofisi ya tiba ya jimbo kuu katoliki la Bukavu zimewasaidia wengi kulipa kujifungua na malaria, lakini si za kulipia MRI ya nje ya nchi. Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, benki zilifungwa na ndege za uwanja wa Kavumu zikasimama. Mtu aliyekuwa na akiba ya upasuaji benki alijikuta na namba kwenye karatasi. Na katika nchi ambamo mgonjwa asiyemaliza bili huweza kuzuiliwa wodini, familia hujiuliza kuhusu fedha kabla ya kujiuliza kuhusu neva.

Tena, kisu si mwisho wa vidonge. Kutegemea utafiti, kati ya asilimia 10 na 40 ya waliopasuliwa mgongo hubaki na maumivu ya kudumu. Baadhi yao walipasuliwa kwa maumivu ya mgongo badala ya maumivu ya mguu, na mgongo si kazi ambayo kisu huifanya vizuri. Hao hurudi kwenye amitriptilini ileile waliyoidharau.

Upasuaji mdogo, kwa upande wake, unapuuzwa mno. Mwanamke anayeamshwa usiku na vidole vitatu vya kwanza vilivyokufa ganzi, anaukung’uta mkono ili damu irudi, kwa kawaida neva yake imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Bandeji ya ubao usiku humsaidia mwanzoni. Isipotosha, upasuaji wa dakika chache kwa ganzi ya mahali humaliza kazi, bila MRI na bila pasipoti. Huyu anaweza kutibiwa papa hapa Bukavu na daktari wa upasuaji wa kawaida. Lakini ndiye anayemeza vitamini miaka mitano mpaka nyama ya chini ya kidole gumba imesinyaa.

Kivu ina kundi jingine la wagonjwa ambalo vitabu vingi vya mgongo havilijui: waliojeruhiwa kwa risasi na mabomu. Elimu ya maumivu yao ilizaliwa vitani. Silas Weir Mitchell, daktari wa Philadelphia, aliwatibu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na mwaka 1864 yeye na wenzake walichapisha kitabu juu ya risasi na neva wakieleza mkono unaoungua hata kwa kuguswa kidogo. Ndiye pia aliyelipa jina tatizo la mguu uliokatwa unaoendelea kuuma. Wagonjwa wa aina hiyo wapo leo katika kituo cha Heri Kwetu cha Bukavu, wanapopimwa miguu ya bandia. Baadhi yao huumia mahali ambapo mguu haupo. Amitriptilini huwasaidia baadhi, na kioo kilichosimamishwa kati ya miguu, ili ubongo uuone mguu mzima mahali pa uliokatwa, ni mazoezi yanayogharimu bei ya kioo tu. Wengine wana kifundo cha neva kwenye kigutu, ukikibonyeza wanaruka. Hapo kisu kina kazi.

Kwa neva iliyopigwa risasi, saa inakwenda tofauti na saa ya diski. Neva inayoota tena husonga takriban milimita moja kwa siku, na msuli usiofikiwa huanza kufa; baada ya mwaka au mwaka na nusu hata neva ikifika haikuti kitu. Jeraha la risasi lenye mkono uliolegea huweza kuangaliwa kwa miezi mitatu hivi. Kama hakuna dalili ya kurudi, neva inapaswa kufunuliwa na kuangaliwa. Kijana anayetulizwa kwa gabapentini mwaka mzima huku kiganja kikikauka anatulizwa maumivu, na mkono unapotea.

Na kuna wasiopaswa kungoja hata juma. Maumivu ya mgongo yenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, katika jimbo lenye kifua kikuu kingi, ni kifua kikuu cha uti wa mgongo mpaka ithibitike vingine. Dawa zake hupatikana bure katika mpango wa taifa. Zikianza mapema, wengi hawahitaji kisu, zikichelewa mifupa hubomoka na miguu hupooza. Mguu unaozidi kulegea siku hadi siku, kiasi kwamba ncha ya kiatu inakwaruza ardhi, ni wa kuonwa wiki hiyohiyo. Na diski kubwa inapobana mkia mzima wa neva, mgonjwa hupata ganzi sehemu za siri na matakoni, mahali pote panapogusa tandiko, na mkojo hugoma au hutoka wenyewe. Hapo saa 48 ni nyingi tayari. Huyu ndiye mgonjwa wa Kigali, huyu ndiye anayestahili kiwanja kiuzwe na kanisa zima lichange kwa ajili yake, naye mara nyingi ndiye anayefika mwisho, kwa sababu aliona aibu kulitaja jambo la mkojo mbele ya mkwe aliyemsindikiza.

Mgonjwa anayejiandaa kumuuliza daktari kuhusu upasuaji aandae karatasi moja: jina la kila dawa aliyomeza, miligramu ngapi, kwa wiki ngapi, na kwa nini aliiacha. Aongeze mkononi ana kijiti gani na humeza nini kila siku kwa siri. Karatasi hiyo itamwambia daktari kama dawa zimeshindwa kweli au hazijajaribiwa bado. Vituo vya afya vya Ibanda, Kadutu na Bagira navyo viwe na amitriptilini rafuni, ili mtu asilazimike kupanda hadi hospitali ya rufaa kwa dawa ya mwaka 1961. Ila wewe ambaye usiku huu miguu inalegea na mkojo umegoma, achana na karatasi: amsha jirani mwenye gari, nenda hospitali ya rufaa, na umwambie daktari wa zamu jambo la mkojo kwanza, kabla ya la mgongo.